Komamanga la Tatu

Asubuhi ya Jumanne, katikati ya Januari, Wasila alitoka uani na beseni la soksi zilizoanikwa tangu Jumamosi na ambazo bado zilikataa kukauka. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Aliinua macho kutafuta mahali penye walau dalili ya jua, akaona kwamba komamanga lililokuwa kwenye tawi la upande wa kisima halipo. Jana yake alilibonyeza kwa kidole gumba akaridhika nalo. Sasa kilibaki kikonyo tu, kimekatwa vizuri, kama kwa mkasi. Akaweka beseni chini, akautazama ukuta wa jirani kwa muda mrefu.

Kwamba mkomamanga ulikuwa na matunda mabivu mwezi wa Januari halikuwa jambo la kumnyima mtu usingizi. Majira ya baridi ya mwaka ule hayakuwa na baridi. Mvua ilianza Novemba, mvua ya uvuguvugu, ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Makoti yalibaki kabatini yakiota ukungu, konokono walipanda mpaka vizingitini, na milozi ya mji wao wa Testur ilichanua kabla ya mwaka mpya bila hata kuona haya. Wazee mkahawani walisema mti uliokosa baridi ni sawa na mtu aliyekosa usingizi: mambo yake hayana mpango. Wakaagiza chai nyingine.

Halafu mti wenyewe ulikuwa umetishwa. Ulikuwa na miaka minne bila kuzaa hata tunda la kumpa mgonjwa, na katika mji ule mti mvivu hutishwa. Kazi hiyo hutaka watu wawili, mmoja wa kukata na mmoja wa kudhamini. Ijumaa moja ya Desemba, baada ya kuskusi, Shadli, mume wa Wasila, alichukua shoka, akaligonga shina mara tatu kwa kisogo cha shoka, akatangaza kwamba anaukata leo hii, hana haja na mti wa kunywa maji ya bure. Wasila alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani, akasimama kati ya mume na mti. Maneno alifundishwa na marehemu mama mkwe wake, mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Usiukate," akasema. "Mdhamini wake ni mimi. Mwaka huu utazaa, na mwenye haki nao hatakosa haki yake."

"Na usipozaa?" Shadli akauliza, maana ndivyo inavyoulizwa.

"Unikate mimi."

Wakaingia ndani kunywa chai. Wasila alikuwa ameyasahau maneno yake kabla sukari haijayeyuka. Wiki iliyofuata mti ulitoa majani, wiki ya pili maua, na mwaka mpya ulipoingia matunda yalikuwa makubwa kama ngumi ya mwashi.

Mtu wa kwanza kutiliwa shaka alikuwa jirani, mzee aliyeitwa kwa heshima Si Khmais, mstaafu wa reli, mwenye ngazi ndefu kuliko zote mtaani. Wasila alikwenda kuiazima. Aliipokea uani kwa mzee, akaipindua, akachungulia miguu yake kama ina tope, akakuta utando wa buibui na buibui mwenyewe akiwa kazini.

"Binti yangu," Si Khmais akasema, "ngazi unaiazima au unaipekua?"

Wasila akasema anaiazima. Ikabidi aibebe mpaka nyumbani, na kesho yake airudishe, na mgongo ukamuuma siku mbili. Kumwamini jirani yake hakumwamini. Alihamisha shaka tu.

Aliihamishia kwa Nizar, mwanawe, karani wa posta, aliyekuwa akioa mwezi wa Julai. Mama wa bi harusi alikuwa mgumu kuridhika, na matunda ya msimu usio wake yangeweza kumlainisha. Wasila alinusa mifuko ya koti la mwanawe akakuta harufu ya gundi ya stempu. Baada ya hapo alimtazama mumewe. Shadli alikuwa na miaka hamsini na minane na siku hizi alinyoa ndevu hata siku za Alhamisi. Wivu ulimpanda Wasila kweli kweli. Kwa siku tatu alimpakulia nyama ya shingoni, akimpa ubavu Nizar, na Shadli alikula bila kujua kwamba anahukumiwa.

Kilichomwokoa Shadli ni hesabu. Wasila alianza kugundua kwamba mwizi huyu haibi ovyo. Likiiva tunda moja, lilibaki. Likiiva la pili, lilibaki pia. Likiiva la tatu, lilikwenda. Hakuna mwizi wa mji ule, wala wa mji mwingine, anayekuachia mawili.

Basi akaamua kulinda. Saa nne ya asubuhi aliketi kwenye mlango wa jikoni na sinia la dengu, makomamanga matatu mabivu mbele ya macho yake, na mvua nyepesi ikinyesha. Alichambua kwa vidole huku macho yakiwa kwenye mti. Mara kidole kikagusa kijiwe. Akainamisha macho kukitoa, akayainua, yalikuwa mawili. Tawi halikutikisika. Tone la maji lilikuwa bado linaning'inia kwenye kikonyo kilichokatwa, na Wasila alilitazama mpaka likadondoka.

Alimweleza Shadli wakati wa chakula cha mchana. Shadli alitafuna kwanza.

"Panya," akasema.

"Panya anakata kwa mkasi?"

"Panya wa siku hizi."

Lakini alikuwa mtu wa kutaka kuhakikisha mambo. Alichuma matatu yaliyokuwa yakikaribia kuiva akayaweka kwenye bakuli jikoni. Kesho yake yalikuwa mawili. Alichuma mengine matatu akayafungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni na mkono akautia juu ya ufunguo. Alipofungua, yalikuwa mawili, na nafasi ya la tatu ilikuwa na unyevu. Mwishowe Wasila alikamua juisi ya makomamanga sita, wakaifunika kwa sahani, wakakaa pande mbili za meza wakiitazama. Saa nne juisi ikashuka taratibu, ikasimama. Shadli akaleta rula ya Nizar, akapima.

"Theluthi," akasema. Kisha akaifuta rula, na mle jikoni hakuna aliyeuliza theluthi ya nini.

Baba yake Shadli, mzee Tijani, alifariki miaka sita iliyopita, mkewe akiwa amemtangulia, akaacha watoto wawili: Shadli, na Dalenda aliyeolewa Bizerta. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu vinavyozunguka ua, na mti. Mafungu mawili kwa wa kiume, moja kwa wa kike. Hata mtoto wa chuo cha Kurani asingekosea. Siku ya arobaini, baada ya kuskusi na kabla ya chai, aliingia mwandishi wa hati na daftari lake, na Dalenda akatia sahihi kwamba amemwachia kaka yake fungu lake kwa ridhaa ya moyo wake na bila kushurutishwa. Ni kweli hakushurutishwa. Alikalishwa tu kati ya shangazi wawili, kila mmoja akimsifu kwa sauti ya chini kwamba yeye si kama wale wanawake wanaowafikisha ndugu zao mahakamani. Naye aliahidiwa kapu la makomamanga kila Oktoba, ili asisahau nyumba ya baba yake.

Kapu lilikwenda miaka miwili. Mwaka wa tatu Shadli alimwambia dada yake kwamba mti haukuzaa. Ulizaa, ila kufika Bizerta ni safari. Mwaka uliofuata mti ukaacha kuzaa kweli, ikawa Shadli amesema kweli mapema kidogo.

Simu ilikuja Alhamisi ile ile ya rula.

"Wifi, nashukuru kwa makomamanga," Dalenda alisema. "Matamu, ya baba kabisa. Ila siku nyingine mpige hodi. Mimi nakaa ghorofa ya nne. Nikigeuka kuepua sufuria, nikirudi, tunda liko mezani limelowa mvua, na mlango nimeufunga mwenyewe. Mtu atadhani akili yangu imeruka."

Wasila alipewa nafasi ya kusema kweli, nayo ilikuwa na urefu wa pumzi moja.

"Karibu, wifi," akasema. "Kizuri kula na nduguyo."

Upande wa pili sufuria iliwekwa mezani.

"Hilo ndilo lililonifanya nipige," Dalenda akasema. "Mmeanza lini?"

Hakungoja jibu. Alisema kwamba mwenye nyumba anaitaka nyumba yake mwisho wa Machi, binti yake amerudi kwa talaka. Dalenda mwenyewe, tangu afiwe na mume, na kiwanda cha samaki wa sardini kimpunguze kazi, hana mahali pengine. Angekuja Jumapili moja kuzungumza na kaka yake kuhusu chumba cha baba. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeulizia saa.

Chumba cha baba ndicho kilichokuwa kikitayarishwa kwa ajili ya Nizar na mkewe. Kilikuwa upande wa kisima, chenye dirisha la kuelekea mti. Tangu siku ile Shadli alianza kukitilia shaka. Kama tunda linaweza kutoka kwenye kabati lililofungwa na kwenda Bizerta bila nauli, chumba je? Kila alfajiri baada ya sala alikwenda kukiangalia. Aliweka kiganja ukutani. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimepandisha unyevu mpaka usawa wa kiuno, doa la kijani, na Shadli alilisoma doa lile kama barua. Alipima kwa kamba kutoka kizingiti mpaka dirishani, akafunga fundo, na kila siku alirudia kupima. Halafu akaagiza kitanda cha Nizar kiletwe kabla ya wakati wake, na kabati la milango mitatu, na magodoro, ili chumba kiwe kizito.

"Chumba chenye vitu hakihamihami," alimweleza mkewe.

Wasila aliona hilo lina busara. Yeye mwenyewe alikuwa akifungua dirisha la jikoni kila asubuhi kwa wasiwasi, asije akakuta mahali pa chumba pana shimo la umbo la chumba. Lakini chumba hakikusogea hata shibiri. Mti ulikuwa na mdhamini. Chumba hakikuwa naye.

Dalenda alikuja Jumapili kwa teksi ya abiria, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na mitatu, mikono imekakamaa kwa chumvi ya kiwandani. Alibeba mfuko wenye makomamanga saba, kwa sababu yalikuwa yamemzidi na hakupenda kuona neema inaoza. Kabla ya kumbusu mtu yeyote alikwenda kwenye mti, akaupigapiga shina kwa kiganja mara mbili, kama mtu anavyompigapiga nyumbu wa zamani wa nyumbani. Baadaye akapita mbele ya chumba cha baba, akaona kitanda na kabati, akaendelea na safari yake mpaka sebuleni.

Walikula vizuri. Shadli alimtilia dada yake nyama mara tatu. Dalenda alipoeleza habari ya chumba, Shadli aliweka kijiko chini, akaufungua mkono wake kuelekea kuta zote.

"Nyumba hii ni yako, dada. Siku yoyote, saa yoyote."

"Yangu ya kulala, au yangu ya mdomoni?"

Shadli akasema mambo yalikwisha kuandikwa, na kuna mashahidi, wawili wao wameshakufa na si adabu kuwasumbua. Akasema Nizar anaoa. Akasema watu watasema. Kisha akasema, na sauti yake ikawa na ukarimu hasa, kwamba yeye amekaa na moyo wake akaamua kumwachia dada yake theluthi ya matunda ya mti. Hatamzuilia hata moja. Atamwita mwandishi wa hati aliandike jambo hilo kwa wino, kila mtu ajue.

"Andikeni," Dalenda akasema. "Mimi nimeshayala."

Shadli akasikia adhana ya alasiri kabla ya wengine wote, akainuka kwenda msikitini. Nizar akamfuata.

Wanawake wawili walibaki jikoni. Wasila aliosha glasi, Dalenda akazikausha, moja moja, akiziinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mti ulinigawia kwa sababu gani?" akauliza.

"Sijui, wifi."

"Unajua. Maneno yale mama alinifundisha mimi kabla yako." Aliiweka glasi rafuni. "Shoka alishika Shadli. Aliyedhamini nani?"

Wasila akasema ni yeye.

"Basi yaseme tena. Pale mlangoni pa chumba. Hatuhitaji shoka, hatuhitaji mtu. Sema mdhamini ni wewe, na mwenye haki hatakosa. Mimi nitashika njia yangu, na kitakachokuja kitakuja."

Katika majira yale yote Wasila alikuwa ameshuku kila kitu: ngazi, koti la mwanawe, ndevu za mumewe, juisi, ukuta. Hili tu hakulishuku. Alijua kwamba akiyasema, chumba kitakwenda, pamoja na kitanda na kabati na doa lake la kijani, na Dalenda atakikuta huko aliko, na mlango wake utafunguka. Maneno yalikuwa mdomoni tayari, aliyahisi ulimini. Alimwonea wifi yake huruma. Aliwaza Nizar akimleta bibi harusi kwenye nyumba ya vyumba viwili, na mama wa bibi harusi akihesabu milango. Aliwaza uso wa Shadli na kamba yake yenye fundo.

"Chai inapoa," akasema.

Dalenda aliikunja taulo, akaitundika mahali pake, akainyoosha ukingo.

"Na wewe kwenu ulipata nini?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. "Baba yako alikuwa na mitini mingi pale Slugia."

"Kapu la tini. Kila Agosti."

"Linafika?"

"Lilikuwa linafika."

Wakanywa chai. Kabla ya magharibi Dalenda aliondoka, na Wasila alimsindikiza mpaka kwenye kituo cha teksi akimshikia mwavuli, mvua ikimlowesha yeye bega moja.

Hati iliandikwa wiki hiyo hiyo. Shadli aliiweka kwenye fremu ya kioo, akaitundika sebuleni, na wageni waliisoma. Mkahawani watu walisema ndugu kama huyu hapatikani siku hizi, mtu anayemgawia dada yake theluthi ya mti bila hata kudaiwa. Si Khmais alikuja mwenyewe kumpa mkono. Mwisho wa Machi Dalenda alitoka kwenye nyumba ya watu, akahamia sebuleni kwa mwanamke aliyefanya naye kazi kiwandani, akilala kwenye kochi baada ya watoto kuzima televisheni. Makomamanga hayakuhitaji kuelekezwa anwani. Saa nne yalifika kwenye ukingo wa kochi, yamelowa, na watoto wa nyumba ile wakazoea kukaa wakiyasubiri na bakuli. Testur nako mti uliendelea kuzaa, na la tatu likiondoka Wasila hakuinua tena macho kutoka kwenye dengu zake.

Siku moja ya Aprili, mvua ikiwa bado haijui kuaga, alikuwa peke yake jikoni. Akapiga simu Slugia. Akapokea Monjia, mke wa kaka yake mkubwa. Wakasalimiana kwa marefu: watoto, magoti, tope, bei ya tini hawakuigusa. Wasila akauliza kama mwaka huu wameitisha mitini yao kwa shoka. Monjia akasema hapana. Wasila akasema si vibaya kuitisha, majira kama haya miti huchanganyikiwa. Anatakiwa mmoja wa kushika shoka na mmoja wa kudhamini, na udhamini ungefaa aufanye Monjia mwenyewe. Kuna maneno yake tu.

"Maneno gani hayo, wifi?"

Wasila akamwambia. Aliyasema yote, polepole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kupika. Alipofika kwenye mwenye haki akahamishia simu sikio la pili, akayamalizia.

Kwa mbali simuni kuku alilia katika ua aliokulia Wasila, na mtu akaburuta ndoo. Monjia hakuwa mjinga. Na yeye alikuwa na mtoto wa kiume wa kuozesha.

"Mitini ya kwetu inazaa vizuri tu, wifi," akasema. "Ya nini kuitisha?"

"Nilikuwa nauliza."

"Na wewe tunakukumbuka. Ni shughuli tu zinatushinda."

Wasila akasema anajua, akasema wasalimie, akakata. Kutoka chumba cha upande wa kisima Nizar alimwita aje amshikie ufito wa pazia wakati anapigilia misumari. Akajifuta mikono, akaenda, akauinua juu kwa mikono miwili, akashika.